Kikombe cha Buluu cha Dawa ya Mchina

Hata leo nikiingia nyumba ya mtu nikaletewa chai, kitu cha kwanza ninachoangalia ni kikombe. Naangalia kama kinafanana na vya wengine. Kikifanana nakunywa. Kisipofanana nasema nimeshiba, nasimama, natafuta mlango. Watu husema mimi ni mtu wa haraka, ati siwezi kukaa. Ni kweli sikai. Kuna watu walionifunza kutokaa, na hapa nitawataja, kila mmoja na lake. Majina yao siandiki, lakini wakisomewa haya watajijua: mume wangu wa wakati huo, dada yake, na mama yao. Daktari Mchina naye nina neno na yeye, ingawa lake ni dogo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Viwanda vya nguo vya Thika vilikuwa bado vinanguruma, lakini mitumba ilishajaa sokoni na kila mara ungesikia fulani ameachishwa kazi. Mimi nilikuwa kwenye mashine za nyuzi. Niliacha shule darasa la tano, kwa hivyo sikupewa kazi ya kukaa. Kazi ya nyuzi ni kutembea. Unapita mbele ya mashine ukirudi, ukienda, ukirudi, macho kwenye nyuzi zote, na uzi ukikatika unaunga kwa vidole huku mashine ikizunguka. Pamba inaingia puani, inakaa kwenye nyusi kama mvi. Jioni nikifika nyumbani Ruiru miguu ilikuwa bado inataka kutembea.

Tulikaa kwenye ploti ya vyumba vya mawe vinavyoangaliana, mfereji mmoja wa maji katikati. Wanawake wote wa pale walikuwa Mama fulani na Mama fulani. Mimi nilikuwa bibi ya dereva. Mume wangu aliendesha lori, mara Mombasa, mara Malaba, na akirudi alilala kama gogo. Nilikuwa nimeolewa miaka ya kutosha watu kuanza kuuliza.

Mama yake aliuliza kuliko wote. Alikuwa na shamba lake dogo upande wa kahawa, na kila akija hakusalimia bila kunitazama tumbo. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na ndiyo maana mama mzee husema amezaliwa. Yule alikuwa na kijana mmoja tu, kwa hivyo mtu wa kumzaa nilikuwa mimi peke yangu.

"Wee muiritu," alikuwa akiniambia, na muiritu ni msichana, jina ambalo humwiti mke wa mtu kama hutaki kumuumiza, "utanizaa lini? Ama unangoja nizikwe kwanza?"

"Mungu akipenda, maitu," najibu, na maitu ni mama.

"Mungu alishapenda. Ni tumbo lako halijapenda. Kuna matumbo ni kama barabara, kila kitu kinapita."

Hilo neno la barabara alilisema mbele ya watu, kwenye sherehe, na watu wakacheka. Nami nilicheka. Ungefanya nini.

Sikuwa tasa. Hicho ndicho kilichokuwa kinanitoa akili. Mimba zangu zilitoka kabla hata hazijaitwa mimba. Nachelewa kidogo, matiti yanauma, harufu ya mafuta ya taa inanitapisha, naanza kutembea kama nimebeba mayai kichwani, halafu asubuhi moja naenda chooni naona damu. Narudi kazini. Siku ya pili naunga nyuzi. Hakuna anayekupa pole kwa kitu ambacho hakikuonekana.

Daktari wa hospitali kubwa aliniambia yai linakutana na mbegu ya baba bila shida, lakini likifika kwenye nyumba ya uzazi halishiki. Nikauliza kwa nini. Akasema hiyo haijulikani, nijaribu tena. Alisema hivyo akiwa ameshaanza kumwita mgonjwa wa nyuma yangu.

Aliyenipeleka kwa Mchina ni rafiki yangu wa mashine ya pili, Mwislamu wa Majengo, mwanamke mnene mwenye mdomo na roho ya mama yangu. Siku moja tukila githeri kwenye ukuta wa nje wa kiwanda aliniambia, "Kuna Mchina mjini, ghorofa ya juu ya duka la Mhindi wa vyuma. Wifi yangu alienda kwake. Mtoto sasa anatambaa, anakula mchanga."

"Na kama si Mchina?"

"Kama si Mchina ni Mungu. Lakini alipitia kwa Mchina."

Tukaenda. Ngazi zilikuwa nyembamba na juu kulikuwa na chumba chenye kabati la droo ndogondogo, nyingi sana, kama nyumba ya njiwa. Harufu ilikuwa ya udongo baada ya mvua, na ndani yake kitu kichungu. Mchina mwenyewe alikuwa mtu mwembamba mwenye sweta, hata joto likiwa kali alivaa sweta. Kiswahili chake kiliishia kwa jambo na asante, kwa hivyo alikuwa na mama wa kumtafsiria, nesi aliyestaafu, mwenye sauti ya kuitia watu wodi nzima.

Aliweka vidole vitatu kwenye mkono wangu, hapo damu inapopigia, akasikiliza. Akabadilisha mkono. Akataka kuona ulimi. Akauliza kama miguu yangu huwa baridi, kama naota ndoto nyingi, kama damu hutoka na mabonge. Nilijibu nikiangalia sakafu. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza kuhusu miguu yangu.

Halafu alisema maneno marefu na nesi akaniambia, "Anasema kinga ya mwili wako haijakaa sawa."

Nilisimama. Mnajua miaka ile neno hilo lilikuwa likisikika wapi. Lilikuwa kwenye redio baada ya habari, lilikuwa kwenye karatasi za ukutani zenye fuvu la kichwa. Hakuna mtu aliyetaja kinga ya mwili akiwa anazungumzia kitu kingine. Nikamwambia, "Mama, mimi huo ugonjwa sina."

"Kaa chini. Nani ametaja ugonjwa? Ule ni askari wa mwili wanaisha. Wako wewe wamezidi, tena hawana adabu." Akanieleza polepole, na yale maneno sijawahi kuyasahau. Mtoto tumboni ni nusu yangu na nusu ya baba yake. Ile nusu ya baba, askari wa mwili wangu hawaijui, wanaiona ni mgeni. Kwa mama mwingine wanaambiwa huyu ni wetu, mpisheni, mshikilieni, na wao wenyewe ndio wanamtengenezea mahali pa kujishikiza. Kwa mama mwingine wanamfukuza mlangoni. "Dawa haiui askari. Bila wao mtoto hawezi kushika vilevile. Dawa inawatuliza, wasilale na wasipigane. Wakae katikati. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilikuwa naishi kwa watu ambao nilikuwa mgeni kwao, mambo ya mgeni kufukuzwa mlangoni sikuhitaji kutafsiriwa.

Nikamwuliza kama atanihakikishia. Akamwuliza Mchina. Mchina akanitazama, akatikisa kichwa, akasema kitu kifupi. "Anasema yeye si Mungu," nesi akasema. "Anasema atajaribu, na wewe ujaribu."

Nilipewa dawa kwenye karatasi za kaki: vipande vya mizizi, maganda kama maranda ya seremala, vitunda vyekundu vilivyokauka, na vitu ambavyo sikutaka kujua ni nini. Kulikuwa na zile za kabla ya siku za kushika mimba na zile za baada, na masharti. Nisitumie sufuria ya aluminiamu, nitafute chungu cha udongo. Nichemshe mara ya kwanza, nimimine, nichemshe tena, nichanganye, ninywe ikiwa moto. Nisinywe soda baridi. Na chungu hicho kisipikiwe chakula kamwe, na kikombe nitakachonywea kiwe changu peke yangu, kwa sababu dawa imepimwa kwa mwili mmoja na mwingine akionja itauvuruga wa kwake.

Hapo ndipo nina neno na Mchina. Alikuwa mgeni nchini, hakujua mwaka ule, katika ploti ile, kikombe cha mtu peke yake kilikuwa kinasema nini. Nesi alijua. Nesi alikuwa mtu wa hapa, na alinyamaza.

Chungu nilikinunua sokoni kwa mama Mkamba. Kikombe nilikuwa nacho, cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni. Msumari wa kukitundika aliupiga mume wangu. Nataka mkumbuke hilo. Alirudi kutoka Malaba, nikamweleza kila kitu, askari na mgeni na katikati, akacheka, akasema, "Kwa hivyo nusu yangu ndiyo inafukuzwa? Waambie hao askari mimi ndiye nalipa nyumba." Akatafuta nyundo kwa jirani, akapiga msumari juu ya meza, mbali na vikombe vingine, akatundika kikombe mwenyewe. Alikuwa mtu mzuri jioni ile. Alilalamika tu kuhusu harufu. "Nyumba inanuka kama shamba limeungua."

Tulikubaliana tusimwambie mtu. Si kwa sababu ya kuficha dawa. Mimba haitangazwi ikiwa changa, tena kwa mwanamke ambaye zimemtoka, ni kama kujiitia balaa. Inangojwa ijionyeshe yenyewe. Hata rafiki yangu wa Majengo alikuwa anaongea nami kwa macho tu.

Ile dawa ilikuwa chungu ya kukunja ulimi. Nilichemsha kila siku kwenye jiko la makaa nje ya mlango, nikipepea, nikisimama, nikikaa, nikienda kuchungulia, kama kwamba chungu kingetoroka. Siku zangu zikapita bila kuja. Nikachelewa kidogo, kisha nikachelewa sana. Nikaanza kutapika mpaka matundu ya macho yakaingia ndani. Nguo zikaanza kunipwaya. Supavaiza akanitoa zamu ya usiku, na watu wakaona nimetolewa.

Nilikuwa naenda chooni bila haja. Naenda kuangalia tu. Nafungua nguo naangalia, hakuna kitu, narudi, nakaa kidogo, naenda tena. Majirani lazima waliona. Mwanamke aliyekonda, anatapika, anaenda choo kila saa, anakunywa majimaji meusi. Mimi nilikuwa nahesabu furaha, wao walikuwa wanahesabu kitu kingine.

Wifi yangu alikuwa na saluni ndogo Mwiki, na mdomo wa mtu wa saluni. Alikuja mchana mmoja wa Jumapili bila kuitwa. Kaka yake alikuwa safarini. Nikampa chai. Akawa anakunywa huku macho yake yakitembea chumbani, kitanda, dirisha, meza, mpaka yakafika kwenye msumari.

"Hiki kikombe kimetundikwa huku peke yake ni cha nani?"

"Ni changu."

Akainuka akakishika. "Ni kizuri. Nipe nibadilishe, hiki changu kinaunguza."

"Hapana, wacha hicho. Hicho ni mimi tu natumia."

"Kwa nini?"

"Daktari alisema."

"Daktari gani anasema mtu awe na kikombe chake?"

Ningesema nini? Nimwambie mtu wa saluni nina mimba changa? Nikasema, "Ni mambo ya kinga."

Alirudisha kikombe kwenye msumari kwa vidole viwili. Akakaa. Akatazama ile chai aliyokuwa ameshakunywa nusu, akaiweka chini, akaisukuma mbali polepole mpaka ikafika ukingo wa meza. Akasema amekumbuka mteja. Siku ya Jumapili.

Kuna watu wataniambia ningeeleza. Wanaosema hivyo hawajawahi kuchungulia nguo zao wakitafuta damu. Yeye angeweza kuniuliza. Alikuwa na mdomo, tena mdomo wa kazi. Hakuniuliza mimi, aliuliza Ruiru yote.

Wiki hiyo nilienda mferejini nikakuta wanawake wamenyamaza pamoja. Mama mmoja ambaye mtoto wake alizoea kuja kwangu kula mandazi alimvuta mkono mlangoni pangu akasema, "Si nilikukataza huku?" Mtoto akasema, "Lakini ana mandazi." Akapigwa kofi kwa ajili ya mandazi. Kitambaa changu nilichoanika nilikikuta kimetolewa kwenye kamba ya wote, kimewekwa juu ya jiwe. Nilikizungusha mikononi, nikazunguka ploti nzima nacho bila kujua nakipeleka wapi.

Mume wangu aliporudi hakula. Alisema ameshakula njiani. Nikamwambia, "Wanasema mimi ni mgonjwa. Waambie. Wewe unajua kikombe ni cha nini, wewe ndiye ulipiga msumari." Akasema, "Nitaongea na mama." Akalala akiangalia ukuta.

Mama hakungoja kuongeleshwa. Walikuja asubuhi ya Jumamosi, yeye na wifi. Mama mzee alikuwa na kiondo. Nilipoweka maji ya chai akasema nisijisumbue. Akaingiza mkono ndani ya kiondo akatoa chupa ya chai, akatoa na kikombe, chake, kimefungwa kwa kitambaa. Akamimina, akanywa, katika nyumba yangu. Hapo nilijua kesi imeshakatwa.

"Kijana wangu," akasema, akiongea naye kama mimi sipo, "kijana nimezaa wewe peke yako. Sitakuzika kwa sababu ya mtu. Wacha aende kwao wakamtunze. Hata Mungu hatakulaumu."

Nikasema, "Maitu, mimi si mgonjwa. Mimi nina mimba."

Nilifikiri nimeshinda. Mwanamke aliyenidai mtoto miaka hiyo yote, nimemwambia yuko. Alinitazama tumbo, kama kawaida yake, halafu akasema pole pole, "Na huyo naye, umempa?"

Sikuwa nimejua kwamba maneno yanaweza kufika huko ndani.

"Twendeni hospitali," nikamwambia mume wangu. "Leo. Tutolewe damu wote wawili, mimi na wewe. Ukikuta niko nayo nitaenda kwetu mwenyewe."

Alikuwa na funguo za lori mkononi, akawa anazizungusha kwenye kidole. Zikizunguka zinagonga pete. Hakusema twende. Hakusema ile ni dawa ya mtoto. Alikuwa mtu peke yake katika chumba kile aliyejua ukweli, nami nilimwangalia na yeye akaangalia funguo. Miaka mingi nimejiuliza, na jibu langu ni hili, na ndilo kosa lake la kwanza na la mwisho: hakuogopa kikombe changu. Aliogopa njia zake za Malaba na Mombasa. Nikiondoka mimi na aibu, hakuna atakayesema na yeye atolewe damu.

"Mnaona amenyamaza," wifi akasema. "Wee, acha kumsumbua mtu na hospitali."

Akainuka, akatoa karatasi ya nailoni ya mkate, akaivaa mkononi kama glavu. Akaokota chungu changu na dawa ndani yake, akatoka nacho akikiweka mbali na nguo zake, mpaka kwenye jalala nyuma ya vyoo. Nilisikia kikipasuka. Wanawake wa mferejini walisikia pia. Mume wangu alisikia.

Nilichukua kikombe kwenye msumari. Hicho tu na nguo. Nilipofika barabarani miguu ilianza kwenda kama ya kazini, na sikuisimamisha.

Rafiki yangu wa Majengo alinipokea mlangoni, akaniangalia, hakuuliza. Akanikalisha na watoto wake, akamimina chai kwenye vikombe vya plastiki vilivyofanana, akanipa kimoja. Nilikunywa nikilia, na mtoto wake mdogo akasema, "Mama, huyu chai imemuunguza." Baadaye nikamweleza, naye akasema, "Hao watu ni mafala. Samahani kwa mdomo. Kesho tunaenda kwa Mchina utapata dawa nyingine na chungu nitakupa mimi."

Tulikuta mlango umefungwa. Tukashuka ngazi, na Mhindi wa vyuma akatuambia Mchina amehamia Kampala, au Nairobi, hakuwa na hakika. Alipandisha mabega. Tukatoka dukani, na yeye rafiki yangu akanishika mkono kama mgonjwa.

Kwa hivyo dawa ilikatika. Mimba ilikuwa bado changa, imefika mahali ambapo nyingine hazikufika, lakini changa. Nilichoishi miezi ile siwezi kukiita maisha. Kwenye mashine nilitembea, kwa rafiki yangu, nilikobaki kuishi, nilitembea. Mwenye nyumba aliniambia nitatoboa sakafu. Nilienda chooni kuangalia, na kuangalia, hata baada ya tumbo kutokeza, hata baada ya mtoto kuanza kupiga teke. Alipiga teke nikiunga uzi, na uzi ukaniponyoka, na supavaiza akanitukana, na sikusikia alichosema.

Kliniki ya wajawazito walinitoa damu. Nilikuwa mzima. Nesi alisema kama anasema bei ya sukari, akaita mwingine. Nilimwuliza kama mtoto alishika kwa sababu ya dawa ya Mchina. Akasema huenda, au huenda angeshika tu, hakuna wa kujua. Mimi pia sijui. Nimechoka kuulizwa. Ninachojua ni kwamba nilikunywa, akashika, wakavunja chungu, na yeye hakutoka.

Sikuwatumia salamu kwamba niko mzima. Habari ziliwafikia zenyewe. Msichana alizaliwa na masikio ya baba yake, yale yaliyosimama, na mtu wa kiwanda aliyewajua akapeleka habari Ruiru.

Walikuja wote watatu, alasiri, mtoto akiwa ameanza kukaza shingo. Mama mzee alileta njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, na sukari, na unga. Wifi alileta shali. Mume wangu alileta funguo zake. Walisimama uani Majengo kama watu waliopotea njia mpaka rafiki yangu akawaambia, "Karibuni, hapa hakuna anayeuma."

Nilipika chai ya maziwa. Nilipanga vikombe kwenye sinia, vya plastiki vya nyumba ile, na katikati nikaweka cha buluu kilichobanduka mdomoni. Sikupanga jambo hili kabla, mkono wangu ndio ulikifikia. Nikapitisha sinia nikiwa nimeishika kwa namna ambayo cha buluu kimwelekee mume wangu.

Alikitambua. Wote walikitambua. Akakichukua, akakiweka gotini.

Wifi alikunywa chake haraka. Tukaongea mvua. Tukaongea nauli. Kikombe kilikaa gotini mpaka maziwa yakatanda juu.

"Kunywa chai," mama yake akasema.

"Iko moto."

"Imetanda. Kunywa."

"Nitakunywa, mama."

Rafiki yangu akacheka kidogo upande wa mlango, akajifanya amekohoa.

Mama mzee akanyoosha mkono. Alimpokonya kijana wake kikombe gotini, chai ikamwagika kidogo kwenye suruali, akakiinua akanywa yote bila kupumua, pamoja na ule utando, kama mtu anayekunywa dawa. Akapangusa mdomo na leso. Hakumwangalia kijana wake. Aliniangalia mimi, na mara hii si tumboni.

"Nipe mtoto," akasema.

Nilimpa. Sikumsamehe, na sijamsamehe mpaka leo, lakini alikuwa amekunywa. Alimshika vizuri, anajua kushika watoto. Akamgusa yale masikio. Akamnusa kichwa. Mtoto akamshika kidole.

"Kwa hivyo umenizaa," akasema.

"Hapana, maitu. Nimemzaa mama yangu."

Jina lilikuwa limeshaandikwa hospitali. Msichana asiye na baba huchukua jina la upande wa mama yake, na yeye hilo alilijua kuliko mimi. Aliendelea kumshika mtoto muda, akimtikisa polepole, halafu akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Mume wangu alikuwa ameshasimama uani, nasikia funguo. Alisema kupitia mlangoni kwamba ninaweza kurudi nyumbani nikitaka, msumari bado uko.

Nikamwambia aung'oe.

Walipoenda nilikusanya vikombe, nikaviosha vyote kwenye karai moja, cha buluu pamoja na vingine, nikavianika juani. Halafu nikambeba mtoto mgongoni nikaanza kutembea uani, nikienda, nikirudi, mpaka akalala.